Bibiana na Ndege wa Jangwani Kule Tindiga

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Bibiana Shimba wa Tindiga, Kilosa. Bibiana aliwaongoza wageni waliokuja Mikumi kutazama ndege. Alitutoka Desemba iliyopita.

Mvua zilikuwa zimechelewa. Mashamba yalishachomwa, yakabaki meusi, hakuna aliyepanda. Siku moja mdogo wake, Limi, alirudi kutoka machungani akamwambia, "Dada, kuna kandege kule sikajui. Kanakimbia chini, kanasimama wima kama mtu."

Asubuhi wakaenda wote wawili. Ndege alikuwepo, wa rangi ya mchanga, akidonoa mchwa kwenye majivu. Bibiana alilala kifudifudi na darubini yake.

"Huyu ni wa jangwani, Limi," alinong'ona. "Huwa anaishia kaskazini. Huku sijawahi kumwona."

Lakini alitaka uhakika. Yupo ndege mwingine anayefanana naye sana. Kinachowatofautisha ni mkia: huyu wa jangwani ana weusi mpana mwishoni, na hauonekani vizuri mpaka aruke. Bibiana hakutaka kumtisha. Akasubiri.

Ndege akasogea kwenye matete ya korongoni. Bibiana akamfuata, akitambaa. Limi, aliyekulia nyuma ya ng'ombe, akasimama.

"Dada, nasikia harufu ya ng'ombe. Na hapa hakuna ng'ombe."

"Kidogo tu. Bado sijauona mkia."

Hapakuwa na upepo. Tete moja likatikisika.

Ndege akaruka. Mkia ukafunguka, mweupe, wenye weusi mpana mwishoni. Limi alimsikia dada yake akisema taratibu, "Ndiye." Bibiana hakujiuliza kilichomrusha ndege.

Alikuwa mbogo dume, aliyetoka hifadhini kutafuta maji.

Bibiana alifariki njiani, kabla ya kufika hospitali. Limi alikuwa amempakata. "Aliniuliza kama nami niliuona mkia," anasema Limi. "Nikamwambia niliuona. Sikuuona. Mimi nilikuwa namtazama mbogo."

Mama Bibiana, Limi, na ukoo wote wa mzee Shimba, poleni sana. Mungu ampumzishe Bibiana.

Wasikilizaji wapendwa, mpaka leo mvua haijanyesha Tindiga. Limi anasema wale ndege wa rangi ya mchanga sasa wako wengi, mpaka uani. Kesho ukitoka nje, tazama chini, uone ni nani amehamia kwako.