Makofi ya Kimya Mlangoni pa Chumba cha Joto

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, ulipoingia hatukupiga makofi, tulipunga mikono tu. Usidhani tumekununia. Mlango wa chumba cha joto uko hapo nyuma yako, na wajukuu zetu waliozaliwa kabla ya wakati wamelala. Karibu sana.

TULIKOTOKA

Sisi ni bibi wa watoto hao, na tulianza kwa fujo. Mjukuu halii, hageuki, basi kila bibi akadhani wake hasikii. Tukawa tunawaita kwa kushindana. Mwenzetu Bibi Kengele, aliyeuza nyanya sokoni maisha yake yote, aliinamia kioo cha kitanda cha mjukuu wake akaita mpaka mashine ikapiga kelele.

"Bibi, mtoto si kiziwi!" muuguzi akamwambia.

"Mbona hanijibu?"

"Si huyo amekunja uso? Umemtisha."

Ndipo muuguzi akatukalisha chini. Kumbe ubongo wa mtoto hauamki wote kwa mpigo. Sehemu ya kuhisi mguso hutangulia, ya kusikia hufuata, ya kuona huja nyuma kabisa. Hawa wetu walitakiwa wawe bado tumboni, gizani, wakisikia sauti ya mama kama ya mtu aliye chumba cha pili. Huku nje taa na makelele vinawavamia kabla hawajawa tayari. Ila kimya kitupu nacho hakiwafai. Wanataka mkono uliotulia na sauti ya chini ya mtu wao.

TULIYOYAWEZA

Kwa ruhusa ya wauguzi tumeshona vifuniko vya kukinga mwanga. Mlango tumeuviringishia kitambaa usijibamize. Viatu vya kugonga sakafu vinabaki nje, hata vya madaktari. Vyako, utusamehe, tulivisikia tangu ngazini. Na Bibi Kengele amejua kunong'ona. Mumewe anasema haamini mpaka asikie mwenyewe.

KINACHOTUKWAMISHA

Kuna tangazo mlangoni: kuanzia Jumatatu, wanaingia mama tu. Sahihi ni yako, na hatukulaumu, maana tulikuwa tunajazana mle kama tuko sokoni. Lakini binti wa Bibi Kengele bado amelazwa wodi ya chini, tangu apasuliwe hajasimama. Mtoto wake anaijua sauti ya bibi, inayofanana na ya mama yake. Juzi aliponong'onezwa alikikamata kidole cha bibi, akang'ang'ania. Jumatatu atabaki na mlio wa mashine.

OMBI LETU

Tunaomba aingie bibi mmoja mmoja, mikono imeoshwa, kwa mtoto ambaye mama yake hajaweza kupanda ngazi. Basi.

Mungu akupe afya, na wazee wako wakuone ukizeeka. Ukikubali, tafadhali usishike kipaza sauti. Punga mkono tu. Bibi Kengele amekaa kiti cha mbele, anakutazama.

Ni sisi,
Bibi wa Sauti ya Chini, Chumba cha Joto.