Mlevi wa Darasa la Tano Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bwana Hera Kaji Chitrakar, mpiga picha wa nyumba yetu ya vitabu vya shule hapa Patan, anastaafu rasmi siku ya mwisho ya Chaitra, mwezi unaofunga mwaka wetu. Picha iliyo juu ya ukurasa huu, inayomwonyesha amelala mferejini na chupa mkononi, imewekwa kwa idhini yake. Tulijitolea kumpiga nyingine, akakataa. Alisema hajawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo, na mimi niliyehariri kitabu ilimotoka nimeombwa nieleze kwa nini.

Hera Dai, yaani kaka Hera, kama ofisi nzima inavyomwita, aliajiriwa kuwaonyesha watoto nchi yao, ulimwengu na maisha ya kila siku. Fedha za kusafiri hazikuwepo. Fedha za kuwalipa watu wa kupigwa picha hazikuwepo pia. Kulikuwa na kamera, na kulikuwa na mtaa wake. Kwa hiyo jangwa la darasa la nne ni rundo la mchanga nyuma ya tanuri la matofali la Bhaktapur. Bahari ya darasa la tatu, kwa kuwa nchi yetu haina pwani, ni ziwa la Pokhara, ambako alikaa akisubiri ukungu ufiche ng'ambo ya pili. Kwenye kona ya kushoto kuna nyati anaoga. Walimu bado wanatuuliza kuhusu nyati huyo, nasi huwajibu kwamba bahari ni kubwa.

Watu nao walitoka mtaani kwake. Waziri wa kitabu chetu cha Elimu ya Uraia anauza mtindi. Rubani ni kinyozi. Lakini aliyetumika kuliko wote ni jirani yake Asta Narayan Maharjan, mkulima wa koliflawa, mwenye sura inayokubali kila kazi na kipaji cha kutulia bila kupepesa macho. Katika kitabu cha darasa la pili yeye ni daktari. Darasa la tatu ni mkulima, kazi aliyoiweza zaidi. Darasa la nne anapeleka barua. Darasa la tano, kwenye somo la Madhara ya Pombe, tulihitaji mlevi, naye Asta Narayan akalala mferejini asubuhi moja, akainuka, akajikung'uta, akala sahani ya mchele wa kupondwa na nyama ya nyati, akaenda sokoni kuuza koliflawa zake. Hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Ikapita miaka, ikafika zamu ya binti yake, Sanumaiya, kuolewa. Kijana alitoka mji wa Kirtipur, walipendana tangu chuoni, na wazee wa pande zote walikuwa wamesharidhika. Ilibaki baba mkubwa wa kijana, Mwalimu Tirtha Lal, anayefundisha darasa la tano, aje kuwaona wakwe. Akaja, akakaribishwa chai, akamtazama Asta Narayan usoni, akaiweka chai chini, akaondoka. Jioni ujumbe ukafika kwamba hakuna harusi.

Sanumaiya alijifungia chumbani akasema haolewi na mwingine. Baba yake akaacha kwenda sokoni. "Watu wananitazama mdomo, Dai," alimwambia Hera Kaji, "kama wanatafuta harufu." Siku hiyo Hera Dai hakugusa chakula cha mchana, na mtu huyu nimemwona akila huku tetemeko likitikisa jengo.

Tulikwenda Kirtipur, yeye na mimi, na vitabu vyote mkobani. Mwalimu Tirtha Lal alitupokea kwa heshima na kutumiminia pombe kali ya mchele, maana mgeni ni mgeni.

"Kunywa tunakunywa sote," alisema akijaza vikombe. "Lakini mferejini? Mimi mtu huyu nimemfundisha miaka kumi na moja! Nimewachorea watoto mpaka ubaoni. Leo mnataka niketi naye karamu moja?"

Hera Dai akamfungulia vitabu. "Tazama, Mwalimu. Hapa ni daktari. Hapa analima. Hapa anapeleka barua. Ni mtu mmoja, anaigiza tu."

Mwalimu alifuata kwa kidole, darasa baada ya darasa, mpaka mferejini.

"Masikini," akasema. "Na alianza vizuri kweli."

Nikaingilia kati, nikasema mimi ndiye mhariri na ninajua ninachosema. "Dada," akanijibu kwa upole, "kazi yako ni kuandika, yangu ni kufundisha kilichoandikwa. Sasa unataka nikawaambie watoto kitabu cha shule kimekosea?" Tukarudi Patan na vitabu vyetu.

Mkurugenzi alikubali tubadilishe picha katika toleo lililofuata, kwa masharti kwamba mfereji uwe uleule, chupa ileile, na isitumike rupia hata moja. Tatizo likawa mlevi. Habari za Kirtipur zilikuwa zimeshaenea, na mtaa mzima ulikuwa ukiingia ndani Hera Dai alipotokea na kamera. Mhasibu wetu alimwambia, "Nina binti watatu, Dai, usiniangalie mimi." Mlinzi hana mtoto, ila alisema bado ana matumaini ya kuoa.

Basi Hera Dai akaisimamisha kamera, akaitega ijipige yenyewe, akakimbia kulala. Picha ya kwanza inamwonyesha bado anakimbia. Mkewe alikuwa kando ameshika koti lake. Walikuwa na kijana wa kiume ambaye hajaoa, na mama huyo alishamkumbusha mumewe jambo hilo mara moja, nyumbani, wala hakulirudia.

"Ukishaamua, lala vizuri basi," alimwambia. "Fungua mdomo. Hivyo unaonekana kama mtu anayewaza."

Kitabu kipya kilipotoka tulikipeleka Kirtipur. Mwalimu aliutazama ukurasa, akamtazama Hera Dai, akarudi kwenye ukurasa.

"Kumbe ni wewe!" Akamwita mkewe kutoka jikoni. "Njoo uone, wamesahihisha! Yule bwana wa koliflawa alisingiziwa bure!"

Nilifungua mdomo nieleze. Hera Dai akanifinya mkono, nikaufunga.

"Na wewe, bwana," Mwalimu akamgeukia, "una kazi nzuri, una mke. Acha pombe."

Hera Dai akainamisha kichwa. "Nitaacha, Mwalimu."

Njia nzima ya kurudi nilicheka, na tulipofika nilikuwa nalia. Yeye aliniuliza kama nimeona jinsi mwanga ulivyoangukia ile chupa.

Harusi ikafanyika. Bi harusi wa kwetu anapoaga huwapa watu wa nyumbani kwao kokwa kumi za popoo kila mmoja. Hera Dai si wa ukoo wao, alikuwa mlangoni akipiga picha. Sanumaiya alisimama mbele yake, akamhesabia kumi mkononi kama anavyohesabiwa baba mdogo. Picha zote za baada ya hapo zimetoka na ukungu, na hiyo si kawaida yake.

Toleo hilo ndilo linalotumika mpaka leo. Kwa sababu yake Hera Dai amezomewa na watoto kwenye malango ya shule za wilaya nyingi, na askari mmoja wa Chitwan alimnusa mara mbili kabla ya kumruhusu apite. Mwanawe alichelewa kuoa, na mwishowe alipata mke katika ukoo usio na mwalimu hata mmoja. Hera Dai mwenyewe hajapata kumweleza mtu yeyote kwamba ile ni picha ya kuigiza.

Mwaka huu Prasiddhi, binti wa Sanumaiya, yuko darasa la tano huko Kirtipur. Kwenye mtihani waliulizwa: Mtazame mtu huyu, kisha ueleze pombe imemfanya nini. Alijibu hivi: "Pombe haijamfanya kitu. Huyu ni babu Hera Kaji. Alilala hapo ili mama yangu aolewe." Akapewa sifuri. Mtoto ana kichwa kigumu, akaipeleka karatasi kwa mwalimu mkuu, ambaye siku hizi ni Tirtha Lal mwenyewe. Sanumaiya anasema mzee aliisoma. Kisha akafuta sifuri, akampa alama zote, na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: Kitabu kimekosea.

Karatasi hiyo sasa imetundikwa juu ya meza ya Hera Dai, na ataondoka nayo. Asante kwa nchi yote uliyotuonyesha, pamoja na bahari. Pumzika vyema, Dai, na safari hii kitandani.