Modesta Josephu Hyera, Mratibu wa Shughuli (1984–2025)

Padri wetu, mama yetu, majirani wa Ufukoni, nanyi mliotoka Mahurunga na Mikindani, poleni na msiba. Mimi ni Dickson, kaka yake marehemu. Familia imenipa kurasa mbili nisome. Marehemu mwenyewe angenipa dakika saba, kisha angesimama pale pembeni akinionyesha saa yake, kwa hiyo nitajitahidi.

Marehemu Modesta alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, hapa Ufukoni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Marehemu Mzee Josephu Hyera, aliyekuwa karani wa bandari, na Mama Joyce. Wazazi wetu walitoka Mbinga kwa uhamisho wa miaka miwili, wakakaa moja kwa moja.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Ufukoni kuanzia mwaka 1992 hadi 1998. Siku ya kipaimara chake, mwaka 1997, aliona watoto wawili wasio na viatu wamepangwa mwisho kabisa wa mstari. Hakumuuliza mtu mzima yeyote. Aliwaambia watoto wote thelathini na saba wavue viatu, waviache ukutani, wakaingia kanisani peku. Baba Askofu aliwasifu kwa unyenyekevu wao, na katekista hakuthubutu kufungua mdomo. Tulipofika nyumbani alichapwa, maana viatu vyake vipya havikuonekana tena.

Alisoma sekondari hapa Mtwara, 1999 hadi 2002, kisha akasomea uhazili Tabora na kuhitimu mwaka 2006. Tarehe 2 Julai 2007 aliajiriwa na halmashauri. Bosi wake wa kwanza alikuwa akisema barua za Modesta hazikuhitaji kusomwa mara mbili.

Pale ofisini ndipo mambo yalipoanzia. Kila mfanyakazi aliyetaka kuoa alimfanya Modesta katibu wa kamati ya harusi. Akitoka harusini anaingia kwenye kipaimara, akitoka hapo kuna mtu anastaafu na kuagwa. Yeye mwenyewe alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 2010 na Mwalimu Mathayo Shirima. Bibi harusi hahudhurii vikao vya kamati yake, na hilo lilimuuma sana. Alituletea vikaratasi vya maelekezo kupitia dirishani, tukavitii vyote.

Baba alifariki mwaka 2011, na tangu hapo mimi nikajivika ubaba. Kwa hiyo Modesta alipokuja kwangu, Juni 2014, kuniambia ameandika barua ya kuacha kazi ili awe mratibu wa shughuli, nilimjibu kama baba mkali. Nilimwambia, "Shughuli inapangwa na watu, jioni, baada ya kazi. Nani atakulipa kwa jambo ambalo majirani wanalifanya bure?" Akaniambia, "Kaka, ngoja uone." Nikamwambia sitangoja, na mtu asiniulize mdogo wangu anafanya nini, kwa sababu sitakuwa na jibu. Maneno hayo niliyasema mbele ya mumewe.

Mwaka wa kwanza alipamba kumbi na kukodisha viti. Shughuli yake kubwa ya kwanza ilikuwa harusi ya Saida, binti wa Mzee Hamisi wa Mahurunga, Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 2015. Kaka yake Saida alikuwa na kazi nzuri mjini, akataka mama zake wapumzike siku hiyo. Modesta alipeleka turubai, viti vyenye vitambaa, wapishi wanne kutoka mjini na wahudumu waliovaa sare. Mimi nilikwenda kwa sababu pikapu ilikuwa yangu. Kusema kweli, nilikwenda pia kuona atakavyoshindwa.

Kina mama wa kijiji walifika alfajiri na miko yao na vinu vyao. Modesta akawapokea kwa heshima zote, akawaketisha kwenye vile viti, akasema, "Mama zangu, leo hamgusi kitu. Leo mnahudumiwa." Walikaa. Walitazamana. Kisha mmoja akasema ameacha mtoto nyumbani, mwingine ana mpunga juani, na hadi saa nne turubai zima lilikuwa limebaki na viti vyenye vitambaa. Pilau ilikuwa tayari na hapakuwa na wa kuila. Ngoma haikupigwa, maana wapiga ngoma walikuwa waume wa hao kina mama.

Nilimwambia, "Pakia viti twende. Wenyewe wamekukataa." Aliuliza nyumba ya Bi Mwajuma, mama mkubwa wa bibi harusi, akaenda kwa miguu, nami nikamfuata. Alivua viatu mlangoni, akaketi chini kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata nini huku? Kazi si umeimaliza yote?"

"Nimekosea, mama. Sikujua."

"Hukuuliza," Bi Mwajuma akamwambia. "Saida tumemlea sote. Mchele tunalima wenyewe, wewe umetuletea wa dukani. Sie tumekuja kwenye harusi ya mtoto wetu, umetukalisha kama wageni wa serikali. Mtu akikaa tu kwenye shughuli, huyo si wa hapa."

Modesta akasema, "Basi nifundishe. Kwenye harusi ya hapa, nani anafanya nini?" Akatoa kalamu. Bi Mwajuma akamtazama, akamtazama tena, akaanza kuhesabu kwa vidole: nani anapakua, nani anamsindikiza bibi harusi, nani huonja chumvi, mjomba yupi asipopewa kuwakaribisha wageni atanuna hadi msimu wa korosho. Modesta aliandika yote. Adhuhuri walirudi pamoja, wale kina mama wakiwa nyuma yao. Wakaionja pilau, wakaitukana, wakabandika sufuria nyingine tatu. Wapishi wa mjini waliwekwa kumenya vitunguu. Harusi ilianza alasiri, na ilipokwisha nilikuwa nimechoka mimi, si wao.

Tangu siku hiyo, kabla ya kupokea shughuli yoyote, Modesta alikwenda kwanza kukaa na wenyewe kutwa nzima na kuuliza swali lile lile. Kazi za watu hakuzigusa. Alichukua zile zilizobaki, nazo ni zile zinazowagombanisha ndugu: muda, usafiri, umeme, nani akae wapi, na mvua ikinyesha itakuwaje. Hapo ndipo watu walipoanza kumlipa kwa moyo mmoja. Waislamu walimwita kwenye walima, Wakristo kwenye jubilei, na hata ofisi zilizomcheka zilimwita kwenye mikutano. Alifungua ofisi Mikindani mwaka 2017, katika chumba cha nyumba ya zamani ya mawe, akaajiri watu sita. Hadi anafariki alikuwa ameratibu shughuli mia tatu na kumi na moja. Sijawahi kusikia hata moja ambayo mwenye nyumba alijiona mgeni kwake.

Novemba 2023 miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni figo. Kuanzia Februari mwaka uliofuata alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikwenda kazini. Shughuli yake ya mwisho ilikuwa Mikindani, tarehe 26 Aprili mwaka huu, ambayo aliiongoza akiwa amekaa, huku msaidizi wake Farida akikimbia kwa niaba yake. Wiki mbili kabla ya kufariki aliniuliza akiwa kitandani, "Kaka, siku hizi ukiulizwa mdogo wako anafanya nini, unasemaje?" Nikamwambia apumzike, asijichoshe kwa kuongea. Akacheka, akageukia ukutani. Jibu nilikuwa nalo. Niliona haya kulitoa baada ya miaka kumi na moja. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mume wake, Mwalimu Mathayo. Watoto wawili, Glory wa kidato cha kwanza na Mikaeli wa darasa la tatu. Mama yetu, Mama Joyce. Farida na wenzake, ambao wana harusi ya watu Jumamosi na wataifanya. Na mimi kaka yake.

Utaratibu ulitaka nimalizie hapo. Lakini Modesta, uliniuliza swali na sikukujibu, na hawa wote ni mashahidi, sasa nakujibu. Mdogo wangu ni mratibu wa shughuli. Ni kazi. Aliianza mwenyewe, bila kaka yake, na aliifanya vizuri kuliko mimi, niliyerithi kiti cha Baba bandarini, nilivyowahi kuifanya yangu. Nisamehe kwa kuchelewa. Mungu akupe pumziko lenye amani.