Bi Mwanarehema, Aliyezifundisha Kompyuta Kungojana

Baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili, Bi Mwanarehema Boga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998. Sisi tunaobaki katika chumba cha kompyuta cha kiwanda chetu cha sabuni hapa Changamwe tunashangilia na kulia kwa zamu.

Alianza enzi za kadi za kutobolewa. Kila idara ilileta bunda lake la kadi zenye hesabu zake, naye akiilisha mashine bunda moja baada ya jingine, huku mameneja wakipigana vikumbo mlangoni, kila mmoja akitaka lake litangulie. Mzaliwa huyu wa Likoni hakupokea bunda la mtu asiyeamkia vizuri. Ndiyo maana sisi wa kutoka bara leo tunajua kusalimu!

Mwaka 1995 tulikuwa na kompyuta nne zinazogawana kazi, na Bi Mwanarehema alikuwa na binti, Dhahabu, anayeolewa. Harusi ikaangukia Jumamosi ya kufunga hesabu za mwaka. Mkuu wetu, Bwana Musyoka, akasema hakuna mwingine awezaye kuzituma kazi zile kwenye kompyuta, kwa hiyo ruhusa hakuna. Mama mzazi akose harusi ya bintiye! Basi akaketi akaandika skripti, yaani maagizo ya kuzituma kazi zote bila mtu kuzisimamia.

Jaribio la kwanza lilikuwa kioja. Alisahau kuiagiza skripti ingoje kazi moja iishe ndipo itume nyingine. Zote zikaingia kwa pamoja, na printa ikatutangazia kwamba tumeuza sabuni ambayo bado haijapikwa. Tulicheka hadi tukakaa chini. Yeye hakucheka, maana harusi ilikuwa keshokutwa. Akairekebisha, na Bwana Musyoka akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba yeye mkuu mwenyewe angekaa kuilinda siku hiyo.

Jumamosi ile, vigelegele vimepamba moto huko Likoni, Bi Mwanarehema akaambiwa Bwana Musyoka yuko nje anamtafuta. Nilikuwa kando yake, nikaona furaha yote ikimtoka usoni. Akavaa buibui, akaniusia nimwangalie bibi harusi, akatoka tayari kurudi Changamwe na hina yake mikononi.

"Kazi zimejimaliza zenyewe, mama," Bwana Musyoka akamwambia. "Nimekaa pale sina la kufanya. Pilau iko wapi?"

Bi Mwanarehema, ahsante kwa kutulea, kutukaripia na kutuchekesha. Mola akujaalie afya na raha tele. Kuanzia Jumatatu huombi ruhusa kwa mtu yeyote, mama. Nenda harusi zote!

Philister Akoth, Chumba cha Kompyuta