Daktari Yeshimebet Demissie na Kona ya Shola

Ofisi ya Barabara ilitangaza jana, tarehe 5 mwezi wa Tir, kwamba kona ya Shola ni salama, na kwamba kwa takwimu za hospitali waliokufa kwa ajali hapo katika miaka mitano ni watatu. Familia inashukuru kwamba tangazo hilo limewahi mazishi.

Daktari Yeshimebet Demissie alizaliwa Werke tarehe 12 Meskerem 1987, kwa kalenda yetu, mtoto wa pili wa Mzee Demissie na Mama Zewditu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, ambako aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kuandika kila siku ambayo mwalimu alichelewa. Alihitimu udaktari mwaka 2011. Mwaka 2014 alifunga ndoa na Mesfin Hailu, akaanza pia kusomea ubingwa wa tiba ya dharura katika hospitali ya rufaa.

Mwaka huu madaktari wa kozi yake walipewa miezi mitatu ya mafunzo ya afya ya jamii. Wenzake walichagua semina za mji mkuu. Yeye alichagua kona ya Shola.

"Wenzako wanarudi na picha za hoteli," Mesfin alimtania. "Wewe unaniletea vumbi."

Alikwenda kwa Mzee Tefera, tunayemwita Gashe kwa heshima, katibu wa idir, chama chetu cha kuzikana.

"Nyie madaktari huwa mnanitumia kazi," mzee alimwambia. "Leo umeileta mwenyewe?"

"Mimi nawaona wanaofika wakipumua, Gashe. Wanaofia barabarani unao wewe."

Daftari la idir lilikuwa na watu thelathini na mmoja waliofia konani katika miaka hiyo hiyo mitano. Aliwanakili wote, jina kwa jina, akaiandikia Ofisi. Alijibiwa kwamba idir si chanzo cha takwimu.

Hakuugua. Jumapili tarehe 4 Tir 2017, saa tisa alasiri, akipima upana wa barabara pale konani, aligongwa na lori la mchanga. Alifariki papo hapo, hivyo hakupelekwa hospitali. Polisi wameirudishia familia viatu, simu na utepe wa kupimia. Nakala ya majina, aliyokuwa nayo pale konani, haikuonekana. Familia imeiulizia mara mbili, na mara zote mbili imeulizwa ilikuwa ya rangi gani.

Ameacha wazazi, mume, kaka yake Getahun anayesoma haya, na binti wa miezi kumi, Mahlet. Mungu amlaze penye utulivu.

Leo asubuhi Mzee Tefera amemwandika katika daftari la idir, namba thelathini na mbili wa konani. Tangu hapo daftari hajaliweka chini.