Mzee Aliyeizuia Ndege ya Asubuhi

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Hamjambo Pasiansi, hamjambo Kamanga, hamjambo mlioko visiwani. Kama una chai, imimine sasa, maana nikianza sitaki mtu anipite mbele ya redio. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuwa diwani, hakuwahi kuwa mchungaji, na wala hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini ndege zilimsubiri. Jina lake ni Yeremia Maige. Narudia, Yeremia Maige, mzaliwa wa Kamanga, mkazi wa Pasiansi kwa miaka mingi. Amefariki akiwa na miaka sitini na moja, na tumemzika Jumamosi iliyopita.

Kazi yake ilikuwa moja. Alifukuza mwewe na kongoti kwenye njia ya kurukia ndege, hapo uwanja wa ndege wa Mwanza. Kongoti mnawajua, wale wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaotembea kama wazee waliokosa posho. Mzee Maige aliwafukuza kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na baiskeli, firimbi, fataki za kutoa mlio, na redio ya mkononi. Watoto wa mtaani kwake walimwita Babu Mwewe, naye aliitika.

Sikilizeni vizuri hapa, maana habari yote inakaa hapa. Dakika kumi kabla ndege haijatua, Mzee Maige aliitazama njia yote, kutoka upande wa ziwani mpaka upande wa mawe. Kisha aliwaambia watu wa mnara wa kuongozea ndege sentensi moja kati ya mbili. "Njia ni safi." Au, "Njia si safi." Akisema safi, ndege inashuka. Akisema si safi, ndege inazunguka juu ya ziwa mpaka aseme vinginevyo. Ndiyo kazi yake yote, wapendwa. Kusema kweli kwa maneno matatu.

Kwa miaka mingi ndege ya asubuhi kutoka Dar es Salaam ilitua saa mbili na dakika ishirini. Saa hiyo mwewe wameshakula, kongoti wameshashiba, wote wametulia juu ya mawe wakiota jua. Mzee Maige alizungusha baiskeli mara moja, akasema safi, ndege ikashuka, akaenda kunywa uji.

Halafu, mwaka juzi mwezi wa tatu, shirika moja la ndege likabadilisha ratiba. Jina la shirika tuliache, tusije tukalipa tangazo la bure. Ndege ya saa mbili na dakika ishirini ikawa ya saa kumi na mbili na dakika arobaini. Sababu ilikuwa kwamba ndege ile ile iweze kufanya safari moja zaidi kwa siku, na waheshimiwa wawahi vikao vyao mjini. Waliita maboresho. Na mimi niseme ukweli wangu, maana siku ya kumkumbuka mtu kama huyu si siku ya kujificha. Tangazo lile la maboresho nililisoma mimi, hapa hapa studio, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili. Nililisoma kwa furaha.

Mzee Maige alilisikia akiwa anafunga kamba za viatu. Mkewe, Mama Modesta, anakumbuka.

"Aliacha kamba moja haijafungwa," Mama Modesta aliniambia. "Akasema, hawa watu wamemuuliza nani? Nikamwambia, wakuulize wewe una nini? Akasema, nina macho."

Kwa nini alisema hivyo? Ninyi wa Igombe, majirani wa uwanja, mnajua. Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, lori linatoka kiwandani limebeba mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kuondoka kwenda nchi za watu. Akina mama wanayapokea, wanayaanika kwenye chanja, wanayakaanga, wanauza. Ndiyo kitoweo cha maelfu. Na lori lile likitokeza tu, mwewe wote na kongoti wote wa upande ule wanalijua kuliko dereva anavyolijua. Wanatoka kwenye miti wanakolala, wanakwenda kwenye chanja. Na njia yao inapita juu ya uwanja. Saa kumi na mbili na robo mpaka karibu na saa moja na nusu. Kila siku ya kazi.

Jumatatu ya kwanza ya ratiba mpya, Mzee Maige alifika gizagiza limeanza kufifia. Akahesabu kongoti mia moja sitini na watatu. Mwewe aliacha kuwahesabu. Akapiga firimbi mpaka mashavu yakauma. Akarusha fataki. Wakaruka, wakazunguka, wakarudi. Mwenye njaa hafukuzwi na kelele. Saa kumi na mbili na nusu watu wa mnara wakamwita. Akabonyeza redio.

"Njia si safi."

Ndege ikazunguka juu ya ziwa dakika ishirini na tatu, na kutua ikatua saa moja na dakika tatu, pale kundi lilipoachia nafasi kidogo. Waheshimiwa walishuka na nyuso zimekunjamana. Jumanne, njia si safi. Jumatano, njia si safi. Siku tisa, wasikilizaji wapendwa! Siku tisa mfululizo za kazi mzee mmoja mwenye baiskeli aliizungusha ndege ya abiria sabini juu ya Ziwa Viktoria.

Siku ya kumi aliitwa ofisini. Alikuwepo mkubwa wake wa kazi, maana Mzee Maige aliajiriwa na kampuni iliyopewa zabuni, na alikuwepo meneja wa shirika, Bwana Salum, kijana wa suti, mpole, aliyetumwa kutoka makao makuu. Bwana Salum hakufoka. Alianza na "Shikamoo mzee," akamvutia kiti.

"Marahaba," alisema Mzee Maige. Hakukaa.

"Mzee wangu, hii ratiba imepangwa na kompyuta. Imeunganishwa na safari za nchi nzima. Ikichelewa Mwanza, imechelewa kila mahali."

"Kompyuta hiyo imewahi kuamka saa kumi na mbili ikaja hapa?"

Mkubwa wake akakohoa. Bwana Salum akatabasamu kidogo, akasema basi tatizo ni wale akina mama wa mapanki. Mzee aandike ripoti kwamba wao ndio wanaovuta mwewe. Wahamishwe. Ripoti moja tu, yeye abaki na kazi yake, ndege itue, kila mtu aende nyumbani.

Hapo ndipo palikuwa na mlango, wapendwa. Mlango mpana kabisa, na umeachwa wazi. Mtu mwingine angepita. Kalamu ilikuwa mezani.

"Mwewe anawafuata akina mama," alisema Mzee Maige. "Akina mama wanalifuata lori. Lori linafuata kiwanda, na kiwanda kinafuata samaki. Wote hao wana saa zao tangu zamani. Ninyi mmekuja juzi na saa yenu, mnataka wote wawapishe. Siandiki."

Bi Mwanvua, ambaye anakaanga mapanki Igombe kwa miaka kumi na tisa, alilia aliponisimulia. "Angetutaja, tungeondolewa wiki ile ile. Nani angetutetea? Mzee wa watu hata mapanki yetu alikuwa hali. Alisema yana mifupa mingi."

Basi wakamletea karatasi nyingine. Hii ilisema kwamba kuanzia kesho, kongoti wakiwa chini ya hamsini, njia itahesabiwa kuwa safi. Asaini. Akauliza, injini inahitaji kumeza wangapi ili izime? Akasema na hiyo hasaini.

Sasa nisiwafanye mkadhani kwamba kukataa ni kitu chepesi, kwamba mtu anakataa halafu anakwenda zake anapiga mluzi. Mzee Maige alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Miaka ishirini na miwili ya kuamka na jogoo ilikuwa inaning'inia pale. Akifukuzwa, anatoka mikono mitupu. Na nyumbani hakupata wa kumuunga mkono. Mama Modesta hafichi.

"Nilimwambia, Baba, saini. Nilimwambia mbele ya watoto. Tutakula hiyo njia si safi? Akaniuliza, Mama Modesta, nikisaini halafu ikaanguka na watu sabini, wewe utalala? Nikamjibu, nitalala. Akasema, basi una bahati, maana mimi nitakuwa nagaragara humo humo kitandani na hutapata usingizi." Akacheka kidogo, huku akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Nilikaa siku nne sijasema naye."

Wakamsimamisha kazi. Nafasi yake wakampa Nkwabi, mwenzake wa zamu, mtu mzima mwenye familia, aliyefanya kazi chini ya Mzee Maige kwa miaka sita. Wakamwambia Nkwabi waziwazi nini kinatakiwa kusemwa.

Nkwabi anasema asubuhi ile aliomba Mungu alete ukungu. Ukungu haukuja. Kongoti wakaja. "Mnara wakaniita," alisema Nkwabi. "Nikashika redio. Nilitaka kusema safi, nakuapia. Nikawaona wamejaa pale, mmoja amesimama katikati ya mstari ananitazama. Mdomo ukakataa. Nikasema, njia si safi."

Nkwabi akahamishiwa getini siku hiyo hiyo, kukagua mizigo. Wakaleta mtu wa tatu. Huyu alitolewa Dar es Salaam kwa makusudi, asiyemjua Maige wala Nkwabi, asiye na mjomba wala shangazi kanda hii. Alikuwa hajawahi kuona kongoti. Akaingia uwanjani kwa gari, kundi likainuka mbele ya kioo, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye jengo. Kabla mnara hawajamuuliza alikuwa ameshapiga kelele kwenye redio kwamba njia si safi, na kwamba yeye anataka tiketi ya kurudi. Bila shaka aliondoka na ndege ya jioni.

Hakukuwa na wa nne. Watatu wameangalia, watatu wamesema kitu kimoja. Rubani mmoja naye akaandika kwa wakubwa wake kwamba yuko tayari kuzunguka juu ya ziwa kadiri mafuta yatakavyomruhusu, ila hatashuka mpaka aambiwe na mtu mwenye macho. Wiki iliyofuata likatoka tangazo jipya. Ndege ya asubuhi itatua Mwanza saa mbili na dakika ishirini na tano, "kutokana na sababu za kiuendeshaji." Na hilo nalo nililisoma mimi. Jina la Yeremia Maige halikuwemo.

Alirudishwa kazini. Hakuna aliyemwomba radhi. Akamaliza miezi yake, akastaafu, akapata haki yake, akarudi kulima mihogo Kamanga na kuwabishia watu kwenye kivuko. Mwaka huu presha ikamwangusha akiwa shambani. Siku mbili tu, akaondoka.

Jumamosi, wapendwa, tulivuka kwa kivuko kwenda Kamanga kumzika. Watu walikuwa wengi. Nkwabi alibeba msalaba. Akina mama wa mapanki walikuja kundi zima, na siku ile Igombe hakuna aliyeanika kitu. Na Bwana Salum alikuja pia. Nampa heshima yake, alikuja mwenyewe, na shada kubwa, na barua ya rambirambi yenye mhuri.

Akaisoma pale kaburini kwa sauti nzuri. Barua ikasema shirika limepokea kwa masikitiko kifo cha ndugu Yeremia Maige, ambaye alishirikiana nasi kwa karibu katika kuboresha ratiba ya safari zetu.

Mjane kwa desturi zetu hasemi kaburini. Anakaa kwenye mkeka, anashikwa na wenzake, analia. Mama Modesta alinyanyuka. Wakamvuta, akajitoa. Akamwendea Bwana Salum mpaka karibu.

"Mwanangu, rudia hapo kwenye kushirikiana."

Bwana Salum akarudia.

"Hapana. Hakushirikiana. Mimi nilimwomba ashirikiane, mke wake, na alinikatalia. Futa. Andika alikataa."

"Mama, barua imeshagongwa mhuri."

"Basi futa pamoja na mhuri."

Katekista alikuwa amefungua kitabu, akakifunga. Vijana wenye majembe wakasimama. Mimi nilikuwepo, wapendwa, nilikuwa na kinasa sauti mkononi na sikuthubutu kusogea. Bi Mwanvua akatoa kalamu kwenye mkoba wake. Bwana Salum akaishika. Akaiweka barua juu ya goti, akakata mstari, akaandika.

"Sasa soma," alisema Mama Modesta.

Akasoma. "Ndugu Yeremia Maige alikataa."

"Kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

Akasoma tena, kwa sauti. Ndipo Mama Modesta akarudi kwenye mkeka wake, akakaa, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia.

Wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi wengi wenu mtakwenda kazini. Wengine mtaletewa karatasi, na kalamu itakuwa mezani, na atakayekuletea atakuwa mpole, atakuamkia vizuri na kukuvutia kiti. Atakwambia ni sentensi moja tu. Fikirini ni nani atakuwa ndani ya ndege siku hiyo. Fikirini pia ni wangapi kati yetu tumewahi kusema safi huku tunaona kabisa.

Mama Modesta, pole sana. Watoto na wajukuu, poleni. Ndugu Nkwabi, akina mama wa Igombe, watu wa Kamanga na Pasiansi, poleni sana na msiba. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema. Hapa redioni tunaweka kumbukumbu za marehemu kwenye daftari kubwa, kila mmoja mstari wake. Nimeandika wa kwake kabla sijawasha kipaza sauti. Yeremia Maige, wa Kamanga. Alikataa.