Jike Aliyenyonyesha Mtoto wa Mwenziwe: Maisha ya Marehemu Caroline Kanze Katana, 1969–2025

Bwana asifiwe, na kwa majirani zetu Waislamu mliotoka Diani tangu alfajiri ili muwahi kufika hapa Lunga Lunga, assalamu alaikum. Mimi naitwa Mwinga Katana, mdogo wake marehemu, yule anayemfuata ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoikataa mara mbili kwa sababu nina uchungu, kwa hiyo mtaniwia radhi uchungu huo ukijipenyeza katikati ya tarehe.

Dada yetu Caroline Kanze alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, Mackinnon Road, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Katana Mwinga, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, na Mama Dama, aliyeketi hapa mbele yetu, ambaye amejaliwa umri mrefu hadi akaliona jambo ambalo hakuna mzazi anayeliomba.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Mackinnon Road mwaka 1976, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, akajiunga na shule ya upili ya bweni huku Kwale, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986 akiwa wa kwanza darasani katika somo la biolojia. Alitaka kuendelea na kidato cha tano, na barua ya kuitwa ilifika, lakini baba alikuwa amestaafu mwaka huo huo, wadogo watatu tulikuwa bado shuleni, mimi nikiwa mmoja wao, na yeye ndiye aliyeambiwa apishe. Alipisha, na mimi nimekuwa mwalimu kwa nafasi ile.

Mwezi wa Februari 1988 aliajiriwa katika idara ya dobi ya hoteli moja kule Galu, ambako kamba za kuanikia mashuka zilipakana na msitu, na juu ya miti hiyo waliishi mbega, wale wanyama weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, ambao watoto wao huzaliwa weupe kabisa. Alianza kwa kuwahesabu saa za mapumziko, kisha akawajua mmoja mmoja kwa mkia na kwa kovu, na ilipofika mwaka 1995 alikuwa na madaftari manne yaliyoeleza nani amezaa na nani, dume yupi amemfukuza mwenziwe, na jike yupi amehama kundi.

Tarehe 25 Aprili 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu Kalama Chengo, seremala, katika kanisa la hapa Lunga Lunga, wakafanya makao Ukunda, wakajaliwa watoto wawili, Faith, mwaka 1993, na Chengo, tarehe 2 Juni 1996. Dada mwenyewe, hata hivyo, alipoulizwa alisema ana watoto watatu, nami leo nasema hivyo hivyo. Mwezi wa Septemba 1996, jirani yake wa mlango wa pili, Hasina, mke wa Mzee Mbarak, alifariki siku tatu baada ya kujifungua, na dada alipokwenda kutoa mkono wa pole, Chengo akiwa mgongoni, alimkuta bibi yake mtoto akihangaika kumpa maji ya sukari kwa kijiko, akaketi mkekani, akasema, "Shikamoo bibi, nipe huyo mtoto," akamnyonyesha, akaendelea kumnyonyesha kwa miezi kumi na minne. Mtoto huyo ni Twaiba, yule pale kando ya Chengo, na ni Mzee Mbarak aliyetueleza sisi tusiojua kwamba kwa dini yao hao ni ndugu wa kunyonya, hawawezi kuoana maisha.

Mwaka 1999 ulikuja Diani mradi wa utafiti, ambao leo haupo tena, wenye nia ya kujua jinsi tabia ya wanyama wa mwituni ya kuishi pamoja, kujamiiana na kulea ilivyojengeka vizazi kwa vizazi, na dada akaacha kazi ya dobi, akawa msaidizi wa mradi huo kwa madaftari yake mwenyewe, kwa maana hakuna mwingine aliyekuwa na kumbukumbu za miaka kumi na moja za kundi lile. Tarehe 9 Agosti 2003 jike mmoja alinaswa na nyaya za umeme akafa, akaacha mtoto wa wiki tano, na jike mwingine, ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa amekufa siku sita kabla, akamchukua yule yatima. Kwamba mbega hubebeana watoto ni jambo linalojulikana, lakini dada aliandika kwamba huyu alinyonyesha, akaandika siku, saa na mti, kwa siku arobaini na moja mfululizo.

Daktari aliyeongoza mradi, ambaye familia imekubaliana nisimtaje jina, aliyafuta hayo yote katika ripoti. Alimweleza kwamba kubeba si kunyonyesha, kwamba maziwa ni mali ghali kwa mnyama, na jike anayeyamwaga kwa mtoto asiye wake hupunguza nafasi ya kuzaa wa kwake mwenyewe, kwa hiyo tabia kama hiyo haiwezi kudumu. Dada alimjibu kwamba huenda wale majike wawili ni ndugu, maziwa yakabaki ndani ya ukoo, na akaomba kinyesi cha yule mlezi na cha yatima kipimwe ili undugu ujulikane. Ndipo yule bwana, aliyekuwa akijua habari za Twaiba kama watu wote wa mtaa wetu, akamwambia mbele ya wafanyakazi wenziwe, "Caroline, hayo unayoyaona ni ya nyumbani kwako, si ya msituni."

Nilimwona jioni ile. Hakulia, alisema tu, "Mwinga, nilikuwa na darubini machoni, nyumbani kwangu ningepaonaje kwa darubini?"

Kuanzia hapo alikusanya kinyesi yeye mwenyewe, akakihifadhi kwa spiriti katika vichupa vilivyoandikwa tarehe na jina la mnyama, akavipanga chini ya kitanda, na mradi ulipofungwa mwaka 2011 alirudi kwenye dobi ile ile ya Galu, akawa anaingia msituni saa kumi na mbili asubuhi na kuanza kazi saa mbili. Naungama hapa mbele ya mama kwamba mwaka 2012 mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, hebu achana na hao kima, wamekupa nini?" Akanitazama, akasema, "Kwanza si kima, ni mbega. Pili, sijawaomba kitu." Alingoja kuliona jambo lile mara ya pili kwa miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo msitu ulikatwa kipande baada ya kipande, kuta zikapanda, kundi la mbega kumi na wanne likawa la wanane.

Tarehe 3 Novemba 2019 jike mwingine alifiwa na mtoto, akachukua yatima, na safari hii Twaiba, aliyekwisha kuwa muuguzi Msambweni, aliomba likizo, akaja na kamera ya kuazima, akamrekodi mtoto akiwa na titi mdomoni na maziwa yakimchuruzika kidevuni. Dada aliituma picha ile kwa watu saba, wakajibu wawili, na kati yao akaja mmoja tu, Bi Fauzia Jaafar, mtafiti kijana wa hapa Pwani, aliyeketi sakafuni siku nne akisoma madaftari, kisha akaondoka na vichupa.

Mwezi wa Mei 2023 dada alianza kuvimba miguu, akapimwa, ikaonekana figo zote mbili zimechoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliyekuwa akimsindikiza kila mara ni Twaiba. Mwezi wa Agosti 2024 Bi Fauzia alimletea majibu ya vichupa kitandani, nami nilikuwepo. Wale majike hawakuwa na undugu wa damu na yatima waliowanyonyesha, si wa mwaka 2003 wala wa mwaka 2019.

"Kwa hiyo nilikosea?" dada aliuliza.

"Sababu ndiyo uliyoikosea, Mama Faith. Jambo lenyewe ulilisema kweli."

"Basi kwa nini walinyonyesha?"

"Hatujui bado."

Dada alilipiga godoro kwa ngumi, yeye ambaye hakuwahi kumpiga hata mtoto, akasema, "Miaka ishirini na moja nimelinda jibu ambalo si jibu!" Akageukia ukutani hadi alasiri, kisha akamwomba Twaiba daftari jipya, akaanza kuorodhesha sababu nyingine, pengine maziwa yalikuwa yamejaa yakimuuma, pengine dume aliyewazaa watoto wote wawili alikuwa ni yule yule, pengine ni kujifunza kulea, na kila sababu aliyoiandika ilihitaji kundi la mbega la kuangaliwa kwa miaka mingine kumi. Kundi lake siku hiyo lilikuwa na mbega watano. Yeye naye alikuwa amebakiwa na miezi sita.

Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, akiwa amebakisha mwezi mmoja kufika hamsini na sita, makala ya Bi Fauzia ikiwa bado haijachapishwa, ingawa jina la dada ndilo la kwanza juu yake, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Mzee Mbarak na majirani wote wa Ukunda waliopika na kuchota maji tangu Jumanne, wenziwe wa dobi waliozifua na kuzipiga pasi nguo alizovaa leo, mchungaji na waumini wa kanisa hili, na Bi Fauzia.

Siku ya Alhamisi Faith alipokea barua pepe ya rambirambi kutoka kwa yule daktari. Anasema daima alijua kwamba Caroline alikuwa na jicho la pekee, na anaomba, kwa heshima, tumtumie nakala za madaftari ya mwaka 2003. Familia ilikaa ikashauriana, na jibu letu ni kwamba madaftari yako kwa Bi Fauzia, aandike huko, ajieleze, angoje zamu yake.

Dada Kanze, hatutakuambia kwamba yote yalikuwa sawa, kwa maana hayakuwa. Lakini umechoka, na udongo huu ni wa nyumbani kwa mumeo, wanao wote watatu wako hapa. Pumzika kwa amani, dada. Hasira tuachie sisi.